Je, Wajua? Siku Zinazofuata Baada ya Damu Kutolewa Juu ya Ubongo

Marais na kofia

Je, wajua kwamba watu wanne waliowahi kuwa marais katika bara la Amerika wametobolewa fuvu kwa ugonjwa mmoja, damu iliyokusanyika juu ya ubongo? Ronald Reagan wa Marekani alirushwa na farasi huko Meksiko tarehe 4 Julai 1989, akapasuliwa tarehe 8 Septemba. Cristina Fernández de Kirchner wa Argentina aliumia kichwa tarehe 12 Agosti 2013, akaingizwa chumba cha upasuaji tarehe 8 Oktoba. Jimmy Carter alianguka nyumbani kwake mara mbili ndani ya Oktoba 2019, akapasuliwa tarehe 12 Novemba akiwa na miaka 95. Luiz Inácio Lula da Silva wa Brazili alianguka bafuni tarehe 19 Oktoba 2024. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa amekaa akikata kucha. Akashonwa kisogoni, akafuta safari ya Urusi, akaendelea na kazi za ikulu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Desemba akatobolewa fuvu jijini São Paulo.

Piga hesabu ya siku kati ya kuumia na kupasuliwa: Reagan 66, Kirchner 57, Lula 52. Usidhani madaktari walilala. Kirchner alipigwa picha ya kichwa Agosti ile ile, na picha ikatoka safi. Damu ya aina hii haina haraka.

Reagan alipokuwa akiondoka hospitalini Minnesota, umati ulimshangilia uwanja wa ndege, naye bila kufikiri akavua kofia yake ya besiboli kuwapungia. Kumbe upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa kabisa. Mkewe Nancy akawahi kumfunika, lakini wapiga picha walikwisha kupata walichotaka. Lula naye alitoka hospitalini tarehe 15 Desemba 2024 akiwa amevaa kofia yake.

Mwili unajitibu, unajiumiza

Ubongo umefunikwa na tando tatu. Wa nje ni mgumu na umeshikana na fuvu. Chini yake uko mwembamba zaidi. Kati ya hizo mbili hukatiza vishipa vya vena vinavyorudisha damu kutoka kwenye ubongo. Mtu anapozeeka ubongo husinyaa kidogo kidogo, nafasi inapanuka, na vishipa hivyo vinabaki vimevutika. Kujigonga kwenye mlango wa kabati kunatosha kukata kimoja. Wagonjwa wengi hata hawakumbuki walijigonga lini.

Damu inayotoka mwanzoni ni kidogo na haina maumivu. Mwili unaizungushia utando mpya ili uiondoe taratibu, na hapo ndipo kasheshe inapoanza. Utando huo huota vishipa vichanga, dhaifu, vinavyovuja; damu mpya inaongezeka juu ya ile ya zamani; na ndani ya mfuko huo mna kemikali zinazoyeyusha kila bonge linalojaribu kuganda. Baada ya wiki tatu au zaidi, mpasuaji akitoboa hukuta kimiminika cheusi ambacho madaktari wenyewe hukiita oili ya injini.

Mwaka 1857 Mjerumani Rudolf Virchow alidai kwamba asili ya ugonjwa huu ni uvimbe wa tando zenyewe. Mwaka 1914 Wilfred Trotter wa London akasema la, ni vishipa vilivyokatika kwa kuumia, na Virchow akawekwa kando kwa miongo mingi. Leo wataalamu wanakubali kwamba kila mmoja alishika nusu ya ukweli: kuumia huanzisha, uvimbe huendeleza.

Nyumbani dalili husomwa vibaya. Mzee anaanza kuburuza mguu, anasahau majina ya wajukuu, anasinzia mchana kutwa, kikombe kinamponyoka. Wengine watasema uzee huo, wengine kiharusi, na wapo watakaomtaja jirani. Hata mashine inaweza kudanganyika. Kwenye picha ya CT damu mbichi huonekana nyeupe na damu kuukuu huonekana nyeusi, lakini katikati ya safari hiyo kuna siku ambazo rangi yake hulingana na ya ubongo, ikajificha mbele ya macho ya msomaji. Hata hivyo hii ni moja ya sababu chache za usahaulifu wa uzeeni ambazo mtu anaweza kuamka nazo asubuhi na kulala bila hizo jioni.

Joto la maji

Upasuaji wenyewe si mrefu. Tundu moja au mawili hutobolewa kwenye fuvu, wakati mwingine kwa ganzi tu huku mgonjwa akizungumza, maana ubongo hauna hisia ya maumivu. Keke ya umeme imetengenezwa ijizime yenyewe mara inapomaliza mfupa. Ile ya kuzungushwa kwa mkono, ambayo bado inafanya kazi katika hospitali nyingi za Afrika, hutegemea kiganja cha mpasuaji kujua ni wakati gani wa kusimama. Utando mgumu unakatwa, damu inaruka, kisha mfuko unasafishwa kwa maji ya chumvi.

Kuna swali ambalo lingeonekana la mzaha mpaka mtu akalipima: maji hayo yawe na joto gani? Huko Sweden wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walisafishwa kwa maji yenye joto la mwili, nyuzi 37, wengine kwa maji yaliyokaa tu chumbani. Waliosafishwa kwa maji ya uvuguvugu, damu iliyohitaji upasuaji wa pili iliwarudia asilimia 6. Wenzao asilimia 14. Maelezo yanayotolewa ni kwamba vishipa huziba vizuri zaidi katika joto la mwili. Sijui kama kuna tiba nyingine kichwani iliyo rahisi kuliko kupasha maji.

Wafini nao waliuliza kama kusafisha kwenyewe kuna haja. Jaribio lao lilichapishwa mwaka 2024: walioachwa bila kusafishwa walirudishwa mezani asilimia 18.3, waliosafishwa asilimia 12.6.

Mrija wa siku mbili

Mpasuaji akimaliza huacha mrija laini ndani ya nafasi ile, unatoka chini ya ngozi ya kichwa hadi kwenye mfuko unaoning'inia chini ya usawa wa kitanda. Hauna pampu yoyote. Maji hushuka kwa uzito wake. Siku ya kwanza mfuko unapokea kimiminika cheusi, baadaye kinageuka chekundu chepesi, kisha cha manjano iliyofifia. Kwa muuguzi mzoefu rangi hizo ni taarifa ya kutosha. Ndugu aliyekuja na uji asubuhi akiuona mfuko unakaribia sakafu huuinua auweke kitandani kwa nia njema kabisa, na papo hapo kile kilichokuwa kinashuka kinaanza kurudi kilikotoka. Mfuko huo uguswe na muuguzi peke yake.

Mrija wenyewe uliwahi kubishaniwa sana, wengine wakiogopa maambukizi. Ubishi ulikatwa Cambridge, Uingereza, kwa jaribio la wagonjwa 215 lililochapishwa mwaka 2009. Waliowekewa mrija, damu iliwarudia asilimia 9.3; wasiowekewa, asilimia 24. Ndani ya miezi sita walifariki asilimia 8.6 upande wa kwanza na 18.1 upande wa pili. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake.

Picha mbaya, mgonjwa mzima

Ubongo uliokandamizwa kwa wiki kadhaa hauruki kurudi mahali pake. Kwa kijana hurudi upesi, kwa mzee wa miaka 80 huchukua wiki, hata miezi, na nafasi iliyobaki hujaa maji na hewa. Kwa hiyo picha ya CT inayopigwa siku chache baada ya upasuaji mara nyingi inatisha kuitazama. Familia hukabidhiwa bahasha, inasoma kwamba bado kuna kimiminika, nyumba nzima inaingia simanzi, wakati mgonjwa mwenyewe amekaa kitandani anaulizia chai yake mbona haina sukari. Wapasuaji wenye busara humtazama mtu kwanza, picha baadaye.

Hewa nayo ina hadithi yake. Ikiingia nyingi na kunaswa kwa shinikizo, hutenganisha ncha mbili za mbele za ubongo na kuzisukuma nyuma, na kwenye picha panatokea umbo la mlima. Madaktari wa Kijapani walioieleza alama hiyo mwaka 1988, kwa wagonjwa wa damu hii hii, waliipa jina la Mlima Fuji. Mtu wa Moshi angepinga, maana vilele ni viwili na bonde katikati. Hiyo ni Kibo na Mawenzi. Hewa kidogo ni jambo la kawaida na hunyonywa na mwili yenyewe kwa siku chache. Hii ndiyo moja ya sababu wagonjwa huzuiwa kupanda ndege kwa muda, kwa kuwa hewa hutanuka shinikizo la nje linapopungua. Kirchner alirudi kazini tarehe 18 Novemba 2013, siku 41 baada ya upasuaji, lakini safari za ndege zilibaki marufuku kwake kwa muda zaidi.

Fumba macho, nyoosha mikono

Usiku wa kwanza na wa pili ndio mgumu kwa wazee wengi. Mtu aliyekuwa akiongea vizuri saa kumi jioni anaanza kuweweseka saa tano usiku, anamwita marehemu mkewe, anavuta mrija, anataka kushuka kitandani akakamue ng'ombe. Si wazimu, na mara nyingi si damu iliyorudi. Ni ubongo uliochoka, dawa, mahali pageni na taa zisizozimwa. Miwani yake irudishwe usoni, saa iwekwe anapoiona, na sauti anayoijua iwe karibu. Mara nyingi hayo humtuliza kuliko sindano.

Namna ya kutofautisha ni kipimo ambacho muuguzi hukifanya mara nyingi kwa siku, hakina mashine yoyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Nyoosha mikono yote miwili mbele, viganja viangalie juu. Sasa fumba macho, niachie mpaka nihesabu kumi."

Mkono wenye afya unabaki pale pale. Mkono unaoishiwa nguvu huanza kushuka taratibu, kiganja kikipinda kuelekea ndani, na mwenyewe hana habari kwa sababu amefumba macho. Kwa Kirchner habari ilianzia mkononi pia. Alipokwisha kuagizwa mapumziko ya mwezi mmoja bila upasuaji, Jumapili alihisi ganzi na upungufu wa nguvu katika mkono wa kushoto, na kufikia Jumanne alikuwa mezani.

Kipimo hiki kinafaa kufundishwa kwa anayemchukua mgonjwa nyumbani, kwa kuwa damu ikirudi, kwa kawaida hurudi katika wiki za mwanzo hadi miezi mitatu, na daktari hatakuwapo sebuleni. Kichwa kinachouma zaidi kila siku, usingizi usioamshika vizuri, maneno yanayochanganyika, mguu unaoburuzwa upya, degedege: lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Tatizo laweza pia kuhamia upande wa pili wa kichwa uliokuwa mzima, kwa hiyo mkono wa kuangalia si lazima uwe ule wa zamani.

Ainuke au alale?

Desturi ya wodi nyingi ilikuwa mgonjwa alale chali, kichwa sambamba na godoro, siku mbili, ili ubongo ujae nafasi yake. Inaingia akilini. Shida ni kwamba mzee anayelala chali siku mbili hupata homa ya mapafu, mkojo unaziba, damu inaganda miguuni, makalio yanaanza vidonda. Jaribio lililofanyika Ureno liliwalinganisha walioanza kuinuliwa ndani ya saa 12 za mwanzo na waliolazwa saa 48. Walioinuka mapema walipata matatizo machache zaidi, yakiwemo maambukizi, na damu haikuwarudia zaidi ya wenzao. Hapa tena dawa ilikuwa mtu wa kumshika mzee mkono ashuke kitandani, basi.

Dawa iliyokuwa na kila sababu ya kufaa

Kama Virchow alikuwa na nusu ya ukweli, basi dawa ya kutuliza uvimbe ingesaidia. Kwa mantiki hiyo deksamethasoni ilitumika sehemu nyingi duniani, mpaka Waingereza walipowachukua wagonjwa 748 na kuipima. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Waliopewa deksamethasoni walirudishwa kupasuliwa asilimia 1.7 tu, dhidi ya 7.1 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ungedhani wangeshangilia. Lakini baada ya miezi sita, waliokuwa na hali nzuri miongoni mwa waliomeza dawa walikuwa asilimia 83.9, na upande wa pili 90.3. Dawa ilikausha damu ikaleta maambukizi, sukari kupanda na kuchanganyikiwa. Nadhani hili ndilo jaribio lenye somo kubwa kuliko yote katika ugonjwa huu, kwa sababu lilikuwa na ujasiri wa kuuliza kama mgonjwa anaendeleaje badala ya kuuliza kama damu inaendeleaje.

Kuziba bomba badala ya kukausha sakafu

Siku mbili baada ya fuvu lake kutobolewa, Lula alirudishwa kwa utaratibu wa pili. Mrija mwembamba ulipitishwa ndani ya mishipa yake hadi kwenye ateri inayolisha utando mgumu, ambayo hupanda nyuma ya panja na kuacha mifereji iliyochongeka kwenye mfupa wa fuvu kwa ndani. Ateri hiyo ikazibwa. Vile vishipa vichanga vinavyovuja hunywa kutoka humo, ikifungwa, vinakauka.

Wajapani waliripoti mbinu hiyo mwaka 2000 kwa mgonjwa ambaye damu yake ilikataa kukoma. Ilichukua karibu robo karne kupata jaribio kubwa: Novemba 2024, chini ya mwezi mmoja kabla ya Lula kufanyiwa, matokeo kutoka Marekani yalionyesha kwamba waliozibwa ateri pamoja na upasuaji walihitaji kupasuliwa tena asilimia 4.1 ndani ya siku 90, na waliopasuliwa tu asilimia 11.3. Tahadhari yake kubwa ni jicho, kwa kuwa baadhi ya watu wana kiunganishi kati ya ateri hiyo na ile ya macho, na mpasuaji asipokiona anaweza kumpofusha mgonjwa. Inahitaji pia chumba chenye mashine ya kuona mishipa papo kwa papo, na vyumba hivyo si vingi kwetu. Zanzibar ilipata jengo lake la upasuaji wa ubongo pale Mnazi Mmoja mwaka 2014, kwa msaada wa wapasuaji wa Uhispania. Kutoboa tundu na kuweka mrija kunawezekana humo bila anasa yoyote.

Omobari wa Kisii

Kutoboa fuvu si jambo geni Afrika Mashariki. Abagusii wa Kenya walikuwa na mafundi wao, omobari omotwe, waliofungua vichwa vya watu wenye maumivu yasiyoisha baada ya kupigwa au kuanguka. Daktari Mkanada Edward Margetts, aliyefanya kazi Hospitali ya Mathari jijini Nairobi miaka ya 1950, aliwaandika kwa kirefu katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1967. Fundi alikwangua mfupa kidogo kidogo akichunga asiuguse utando mgumu. Kwa hiyo damu tunayoizungumzia, iliyo chini ya utando huo, kwa kawaida ingebaki pale ilipo. Lakini kuchunga utando ndiko kulikowaokoa wagonjwa wake, kwa kuwa maambukizi yakivuka hapo ni vigumu kuyazuia hata leo.

Baada ya nyuzi kutolewa

Nyuzi hutolewa baada ya siku saba hadi kumi hivi. Tundu la mfupa lina upana wa sentimita moja na kitu. Ngozi huponea juu yake, mfupa haujazi vizuri, na mtu akipapasa atakuta kibonyeo ambacho atakuwa nacho maisha yote. Hakina madhara. Uchovu ndio unaowashangaza watu: kwa wiki kadhaa mgonjwa anaweza kuhitaji usingizi wa mchana, kushindwa kuvumilia kelele za wageni watano kwa pamoja, au kulia bila sababu.

Swali gumu la mwisho ni la wanaomeza dawa za kuzuia damu isigande, warfarini au aspirini, kwa ajili ya moyo. Dawa hizo husimamishwa kabla ya upasuaji kwa sababu huchochea uvujaji. Zikisimama muda mrefu, bonge linaweza kutoka moyoni na kuleta kiharusi halisi. Zikirudi mapema, mfuko ule chini ya fuvu unaweza kujaa tena. Mwenye vali ya bandia kwenye moyo hawezi kungoja kama anayemeza aspirini kwa kujikinga tu. Kwa hiyo tarehe ya kurudia dawa hupangwa kwa kila mtu peke yake, na daktari wa moyo na wa ubongo wakizungumza. Iandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini kabla mgonjwa hajavaa viatu, maana akishafika nyumbani pakiti ya zamani bado iko juu ya kabati, na mkono unajua njia.